Desimali Zimepotea Baada ya Kuhamishia Data Kwenye Excel: Zitafute Hivi, Hatua kwa Hatua

Umepakua faili ya CSV (maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa alama kama mkato) yenye viwianishi vya GPS vya visima 300. Umeifungua kwa Excel, na latitudo zinasoma -6.82 badala ya -6.816389. Au zinasoma -6816389, nukta imetoweka. Au safu ya ekari imejaa 03-May. Wengi hapo hupakua faili upya, huifungua kwa njia ile ile, na hukuta tatizo lile lile.

Desimali hupotea mahali panne tu: kwenye chanzo cha data, wakati wa kutoa faili, wakati lahajedwali linaisoma faili, na wakati wa kuihifadhi. Dawa ya pamoja haipo. Ukibadilisha mwonekano wa seli wakati chanzo ndicho kilichokata namba, utapata sufuri nyingi nzuri zisizo na maana. Kwa hiyo tafuta kwanza zilipotelea wapi, ndipo urekebishe.

## Andaa hivi kabla ya kugusa chochote

- Faili asilia kama ilivyotoka kwenye mfumo, ambayo haijawahi kufunguliwa na kuhifadhiwa kwa Excel. Kama ulikwisha kuihifadhi, pakua nyingine.
- Kihariri cha maandishi matupu. Notepad ya Windows inatosha.
- Excel ya 2019 au Microsoft 365, au LibreOffice Calc, au Google Sheets.
- Ruhusa ya kuona rekodi kwenye mfumo wenyewe, au mtu mwenye ruhusa hiyo karibu na simu.
- Kalamu na karatasi.

## Gharama ya kila tarakimu

Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Gawanya kwa kumi kila unapoongeza tarakimu baada ya nukta:

- Tarakimu 1: kilomita 11
- Tarakimu 2: kilomita 1.1
- Tarakimu 3: mita 111
- Tarakimu 4: mita 11
- Tarakimu 5: mita 1.1
- Tarakimu 6: sentimita 11

Kisima kilichoko -6.816389 kikisomwa -6.82 kimesogea takriban mita 400 kuelekea kusini. Fundi wa pampu atafika kwenye mtaa mwingine kabisa. Upande wa pili, simu ya kawaida ikiwa mahali peupe hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo tarakimu 6 zinatosha. Usihangaike kutafuta 12.

## Hatua ya 1: Nakili faili, na usiibofye mara mbili

Weka nakala kwenye folda nyingine na uipe jina kama visima_ASILI.csv. Hiyo haiguswi tena.

Sababu: ukibofya CSV mara mbili, Excel huanza kukisia papo hapo kila seli ni kitu gani: namba, tarehe au maandishi. CSV haina mahali pa kuandika kuwa "safu hii ina desimali sita". Ukibonyeza Ctrl+S baada ya hapo, makisio yale yanaandikwa juu ya faili yako, na kilichobadilishwa hakirudi.

## Hatua ya 2: Chagua mashahidi watatu

Ingia kwenye mfumo wenyewe na uandike kwenye karatasi mistari mitatu, pamoja na namba zake za utambulisho:

1. Mmoja wenye tarakimu nyingi baada ya nukta, kwa mfano -6.816389.
2. Mmoja wenye desimali moja tu na namba ndogo, kwa mfano 3.5. Huu ndio unaogeuka tarehe.
3. Mmoja unaoishia na sufuri, kwa mfano 12.50.

Kila hatua inayofuata utaipima kwa mashahidi hawa. Bila wao utabaki kubahatisha kama namba iliyo mbele yako ni sahihi.

## Hatua ya 3: Soma faili kwa Notepad

Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Open with, kisha Notepad. Bonyeza Ctrl+F na umtafute shahidi wa kwanza. Utakuta mojawapo ya haya:

Desimali zote zipo, kwa nukta. Mstari unasoma kama `W014,-6.816389,39.280278,3.5`. Chanzo hakina kosa. Ruka hadi Hatua ya 5.

Desimali zipo, lakini kwa mkato. Mstari unasoma `W014;-6,816389;39,280278;3,5`. Faili imetoka kwenye kompyuta au mfumo wenye mpangilio wa Kifaransa, jambo la kawaida kwa data inayotoka Kongo au Burundi. Nenda Hatua ya 6.

Desimali hazipo. Mstari unasoma `W014,-6.82,39.28,3`. Excel haihusiki hata kidogo. Nenda Hatua ya 4.

Kuna hali ya nne, nayo ni mbaya zaidi: `W014,-6,816389,39,280278,3,5`. Mkato umetumika kutenganisha safu na pia kutenganisha desimali. Ukifungua faili hiyo, -6 inakaa kwenye safu moja na 816389 inahamia safu ya jirani. Usijaribu kuunganisha kwa mkono. Rudi kwenye mfumo na uitoe upya, ukichagua nukta mkato au tab kuwa kitenganishi cha safu.

## Hatua ya 4: Kama kosa liko kwenye chanzo

Angalia haya kwa mpangilio huu.

Aina ya safu kwenye hifadhidata. Katika MySQL, ukiandika DECIMAL bila kutaja ukubwa, unapewa DECIMAL(10,0), yaani desimali sifuri. SQL Server nayo inakupa DECIMAL(18,0). Waliounda jedwali walidhani neno DECIMAL peke yake linatosha. Kwa latitudo na longitudo andika DECIMAL(9,6): tarakimu tisa kwa jumla, sita zikiwa baada ya nukta. Kwenye Access, safu ya Number huanza ikiwa Long Integer, ambayo haikubali desimali. Igeuze kuwa Double.

Hesabu ndani ya hoja (query) ya hifadhidata. Kwenye PostgreSQL na SQL Server, 7/2 inatoa 3, kwa kuwa namba zote mbili ni nzima. Andika 7/2.0. SQL Server pia hukupa wastani usio na desimali ukitumia AVG kwenye safu ya namba nzima. Igeuze safu kwanza kwa CAST.

Access inapotoa faili ya maandishi. Huu ni mtego wa peke yake. Ndani ya Access unaona -6.816389, lakini CSV inatoka na -6.82. Access hufuata mpangilio wa Windows wa idadi ya tarakimu baada ya nukta, na kwa kawaida hiyo ni 2. Tengeneza query yenye safu mpya `Lat: Format([Latitudo],"0.000000")`, kisha utoe query hiyo badala ya jedwali. Vinginevyo fungua Control Panel, Region, Additional settings, na upandishe No. of digits after decimal hadi 6 kabla ya kutoa.

Fomu ya kukusanyia data. Kwenye KoboToolbox au ODK, swali la aina ya integer halipokei nukta. Msaili aliyeambiwa "ekari mbili na nusu" alikuta kibodi haina nukta, akaandika 2, au 3, au 25. Badilisha swali liwe decimal kwa ajili ya usaili ujao.

Onyo: kubadilisha aina ya safu au ya swali hakurudishi kilichokwisha kukatwa. Nusu ekari ile haijawahi kuingia popote. Njia iliyobaki ni daftari la msaili au kumrudia mwenye shamba. Ukiongeza ".0" ili safu ipendeze, umetengeneza data ya uongo.

Umefaulu hapa ukitoa faili upya, ukaifungua kwa Notepad, na mashahidi wote watatu wakasoma sawasawa na karatasi yako.

## Hatua ya 5: Je, zimepotea au zimefichwa?

Fungua kwa Excel nakala ya majaribio, si ile ASILI. Bofya seli ya shahidi wa kwanza na utazame mwambaa wa fomula juu ya jedwali. Seli huonyesha namba iliyopambwa. Mwambaa huonyesha thamani iliyomo.

Kama mwambaa unasoma -6.816389 na seli inasoma -6.82, hakuna kilichopotea. Sababu ni mbili. Seli imepewa mwonekano wa desimali mbili, au safu ni nyembamba. Kwenye mwonekano wa General, Excel hufupisha desimali ili namba itoshe upana wa safu, bila kukuambia. Panua safu kwanza. Isipotosha, chagua safu nzima, bonyeza Ctrl+1, chagua Number, na uweke Decimal places 6.

Shahidi wa tatu, 12.50, atasoma 12.5 hata kwenye mwambaa. Kihesabu hakuna hasara. Kwa bei au kipimo cha maabara, ambako sufuri ya mwisho inaeleza usahihi wa kifaa, weka mwonekano wa desimali mbili.

Onyo kubwa: ndani ya File, Options, Advanced kuna kisanduku kinachoitwa Set precision as displayed. Usikitie tiki. Kikiwekwa, Excel hukata thamani zote za kitabu zifanane na zinavyoonekana, na ukiondoa tiki baadaye tarakimu hazirudi. Ukirithi faili ya mtu mwingine yenye namba za ajabu, angalia kisanduku hicho mapema.

Kama mwambaa wenyewe unasoma -6816389, au 03/05, au namba imeegemea kushoto mwa seli, Excel imeisoma faili vibaya. Funga bila kuhifadhi na uendelee.

## Hatua ya 6: Ingiza faili ukiiambia Excel cha kufanya

Hapa ndipo wengi huanguka, hata wanaojua kuwa si vizuri kubofya mara mbili.

Excel husoma nukta na mkato kwa kufuata mpangilio wa kompyuta, si wa faili. Kompyuta za Kenya, Tanzania na Uganda kwa kawaida huchukua nukta kuwa alama ya desimali. Yenye mpangilio wa Kifaransa, mfano ya ofisi nyingi za Goma au Bujumbura, hutaka mkato, ikikuta -6.816389 huiacha kama maandishi, na 3.5 inaweza kugeuka tarehe 3 Mei. Yenye mpangilio wa Kijerumani huchukua nukta kuwa kitenganishi cha maelfu, na hapo ndipo -6.816389 inapogeuka -6816389. Faili moja, kompyuta tatu, majibu matatu.

Fanya hivi:

1. Fungua kitabu kipya kitupu cha Excel.
2. Bofya Data, kisha From Text/CSV, na uchague faili yako.
3. Kwenye dirisha la hakikisho, tafuta Data Type Detection na uchague Do not detect data types.
4. Bofya Transform Data.
5. Kama vichwa vya safu vimekaa kwenye mstari wa kwanza wa data, bofya Use First Row as Headers.
6. Tazama orodha ya Applied Steps upande wa kulia. Ukiona Changed Type, ifute kwa alama ya X. Hatua ya kupandisha vichwa mara nyingi huileta tena kimyakimya, kwa hiyo angalia baada yake, si kabla.
7. Bofya kichwa cha safu ya latitudo kwa kitufe cha kulia, chagua Change Type, kisha Using Locale. Kwenye Data Type weka Decimal Number. Kwenye Locale weka English (United States) kama faili inatumia nukta, au French (France) kama inatumia mkato.
8. Rudia kwa kila safu yenye desimali. Namba za utambulisho na za simu zipe aina ya Text.
9. Bofya Close & Load.

Kwa nini kung'ang'ania kufuta Changed Type? Kwa sababu Excel hukisia aina ya safu kwa kutazama mistari 200 ya kwanza tu. Tuseme mashamba 200 ya mwanzo ni ekari kamili: 1, 2, 4. Excel huamua kuwa safu ni Whole Number. Mstari wa 201 una 3.5, unageuzwa 4. Wa 202 una 2.25, unakuwa 2. Hakuna onyo wala rangi nyekundu, na ukikagua juu ya jedwali kila kitu ni sahihi. Hasara ya namna hii hugundulika miezi baadaye, jumla zinapokataa kulingana.

Pia usichague Currency badala ya Decimal Number. Aina hiyo huhifadhi tarakimu nne tu baada ya nukta. Kwa fedha inafaa. Kwa GPS inaondoa zaidi ya mita moja.

Umefaulu ukiona namba zimeegemea kulia, na mwambaa wa fomula unasoma shahidi wa kwanza kwa ukamilifu.

### Ukitumia LibreOffice Calc

Fungua faili; dirisha la kuingiza hujitokeza lenyewe. Chagua Unicode (UTF-8), taja kitenganishi, kisha kwenye hakikisho bofya kichwa cha safu ya desimali na uchague US English kwenye Column type. Kama faili ina mkato wa desimali, acha safu ikiwa Standard na ubadilishe Language juu ya dirisha iwe ya Kifaransa. Kwa kazi hii naona Calc ni salama kuliko Excel, kwa sababu inauliza kabla ya kukisia.

### Ukitumia Google Sheets

Anza na kitabu kitupu. Fungua File, Settings, na uweke Locale inayolingana na faili. Kisha tumia File, Import. Mpangilio ukiwa sahihi kabla ya kuingiza, desimali huingia salama. Kuubadilisha baadaye hakugeuzi maandishi kuwa namba.

## Hatua ya 7: Kagua safu nzima

Mashahidi watatu wamepita, lakini mstari wa 201 bado haujaulizwa. Tuseme latitudo ziko B2 hadi B301.

Kwanza linganisha `=COUNT(B2:B301)` na `=COUNTA(B2:B301)`. Ya kwanza huhesabu namba tu, ya pili kila kilichoandikwa. Zikitofautiana, kuna seli zilizobaki maandishi.

Zikilingana, hesabu namba zisizo na desimali: `=SUMPRODUCT(--(B2:B301=INT(B2:B301)))`. Kwa latitudo jibu linapaswa kuwa 0 au karibu na hapo. Ukipata 100, theluthi ya visima vyako imekatwa. Seli tupu nazo huhesabiwa humu, kwa hiyo ziondoe kwanza.

Mwisho, linganisha SUM ya safu na jumla ile ile kutoka kwenye mfumo. Tofauti kwenye tarakimu ya kumi na kuendelea isikutie hofu. Ni kawaida ya namna kompyuta inavyohifadhi desimali. Tofauti ya 0.5 ni kosa.

Kwenye kompyuta ya Kifaransa, hoja za fomula zenye zaidi ya moja hutenganishwa kwa nukta mkato badala ya mkato.

## Hatua ya 8: Hifadhi bila kuua ulichookoa

Hifadhi faili ya kazi kwa muundo wa XLSX. Thamani kamili hubaki ndani hata kama seli inaonyesha desimali mbili.

CSV ni tofauti. Excel inapohifadhi CSV huandika kinachoonekana kwenye seli, si kilichomo. Seli ikisoma -6.82, faili itaandikwa -6.82, na kazi yote ya juu imekwenda. Kabla ya Save As, chagua safu, bonyeza Ctrl+1 na uweke desimali 6. Kwenye Calc, dirisha la kuhifadhi CSV lina kisanduku cha Save cell content as shown, kiondolee tiki.

Kisha ifungue CSV mpya kwa Notepad na uwatafute mashahidi wako tena.

## Faili imekwisha kuharibika na chanzo hakipo

Inategemea imeharibika vipi.

Namba zimebaki maandishi. Zinaokolewa zote. Andika `=NUMBERVALUE(B2,".",",")`: alama ya kwanza ni ya desimali, ya pili ya maelfu. Inafanya kazi kwa mpangilio wowote wa kompyuta, kuanzia Excel ya 2013; kwenye ya Kifaransa kumbuka tu nukta mkato kati ya hoja.

Nukta imetoweka, -6816389. Kugawa kwa 1000000 kunarudisha -6.816389, lakini kwa zile tu zilizokuwa na desimali sita. Iliyokuwa -6.81639 iligeuka -681639, na ukiigawa unapata -0.68, karibu na ikweta. Kama visima vyote viko wilaya moja na unajua digrii inaanza na 6, tenga kwanza kwa idadi ya tarakimu ukitumia LEN, kisha gawa kila kundi kwa kiasi chake.

3.5 imegeuka 03-May. Usibadilishe mwonekano kuwa Number. Utapata namba kama 45780, ambayo ni hesabu ya siku hadi tarehe 3 Mei 2025. Tumia `=DAY(B2)+MONTH(B2)/10`, pale tu siku imetangulia mwezi na desimali ilikuwa moja. Oktoba, Novemba na Desemba zina utata: 3.10 na 3.1 ni thamani moja kihesabu, lakini zinatua kwenye miezi tofauti. Weka alama kwenye mistari hiyo na uikague mmoja mmoja.

Namba ndefu zimeishia na sufuri. Hili si la desimali, ila hutokea kwenye faili zile zile. Excel hushika tarakimu 15 tu. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) ina 20, kwa hiyo tano za mwisho hugeuka 0 na haziokoki. Namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12 hubaki salama ndani, ingawa seli huionyesha kwa E+11. Ibadilishe iwe Number yenye desimali 0. Ndiyo maana Hatua ya 6 inataka namba za utambulisho ziingizwe kama Text.

Zimekatwa kuwa -6.82 hadi ndani ya mwambaa wa fomula. Hakuna fomula itakayozirudisha. Rudi kwenye simu zilizokusanya data, kwani fomu zilizotumwa huenda bado zimehifadhiwa humo, au kwenye nakala rudufu ya mfumo. Zikikosekana kote, ongeza safu ya "usahihi" kwenye jedwali na uandike "km 1" kwa kila kisima kilichoathirika, ili atakayechora ramani asiweke nukta mahali ambapo hakuna kisima.